Gorogoro Iliyobonyea: Mhadhara kwa Wazazi wa Busia na Tororo



Nimeombwa nizungumze juu ya kuwafundisha watoto wadogo nyumbani, kwa kazi za mikono na kwa njia ya Kikristo. Nimefundisha nasari miaka mingi, na tangu nistaafu nalea wajukuu. Sikuja na chati. Nimekuja na mkebe huu. Wa Kenya mnauita gorogoro. Ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Mafuta yakaisha, ukaingia sokoni kupimia nafaka. Mahindi yanavuka kutoka Uganda yakiwa magunia yaliyopimwa kwa kilo, yakifika kwetu yanauzwa kwa gorogoro. Nitaupitisha kwenu. Kila mmoja aushike, atie mkono ndani, apapase kitako chake. Ukimaliza kuzunguka nitawaambia ulikotoka.

Mnakumbuka Machi 2020. Shule za Kenya zilifungwa katikati ya mwezi kwa sababu ya korona, za Uganda zikafuata siku chache baadaye, tarehe 20. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu anayekaa Tororo, alikuwa kwangu hapa Busia. Walikuja matangani, mama yake akatangulia kurudi kwa sababu ya kazi, na kabla hatujamrudisha mtoto, mpaka ukafungwa kwa abiria. Alikuwa na miaka mitano. Matrela yalijipanga barabarani kilomita juu ya kilomita, madereva wakingoja majibu ya vipimo, na mimi nikabaki na mtoto wa nasari asiye na nasari.

Nilifanya nilichokijua. Nilipigilia ubao sebuleni. Saa mbili kamili asubuhi niligonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, hiyo ndiyo kengele. Mtoto akasimama wima, akanisalimia kwa Kiingereza kama wanavyosalimiwa walimu, akawa amesahau kwamba mimi ni kukhu wake, nyanya yake. Tuliimba irabu, tulihesabu hadi hamsini, tulinakili herufi. Wiki ya tatu akaanza kuumwa tumbo kila ifikapo saa mbili, na tumbo lilipona saa saba bila dawa. Siku moja nilimchapa kwa sababu ya kuchanganya b na d. Nasema hili mbele yenu kwa sababu nilikuwa mwalimu mwenye cheti na uzoefu, na sikuona kwamba nimelihamisha darasa na kumwacha mtoto.

Jioni ya siku ile ile nilikaa uani nachambua maharagwe kwenye ungo. Akaja, akakaa mbali kidogo, kisha akasogea. Hakuniomba ruhusa. Akaanza kutenga: mekundu huku, yenye madoa huku, mawe kule. Akayahesabu mawe, yakawa kumi na manne. Akasema, kukhu, haya ya madoa yana mawe mengi kuliko mekundu. Nikamwuliza, unadhani ni kwa nini? Akanyamaza muda mrefu, akilini mwangu nikadhani amechoka. Kumbe anafikiri. Akasema labda mekundu yalipigwa juu ya turubali na haya yalipigwa chini kwenye udongo.

Nikayatazama maharagwe, nikamtazama yeye. Mtoto niliyemchapa asubuhi kwa herufi mbili alikuwa ametenga, amehesabu, amelinganisha na kutafuta sababu, na hakuna kengele iliyogongwa. Kesho yake niliung'oa ule ubao. Sasa ni mlango wa banda la kuku.

Nimejiuliza sana kwa nini hata mimi, niliyelelewa kwenye shamba na kinu, niliamini kwamba elimu haiji mpaka mtu akae akitazama ubao. Nadhani jibu liko katika namna Injili ilivyotufikia. Ndugu zetu Wajaluo waliwaita Wakristo wa kwanza josomo, wasomaji. Waganda wakawaita abasomi. Kuokoka na kujua kusoma vilikuja mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa wa jengo la misheni. Namshukuru Mungu kwa jengo hilo. Wazazi wangu walijifunzia humo. Lakini tulipolipokea jengo, tulisahau kwamba nyumba zetu zilikuwa zikifundisha kabla yake, na tukaanza kuona aibu kwamba mama asiyejua Kiingereza anaweza kuwa mwalimu wa mwanawe.

Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Musa anawapa wazazi wa Israeli kazi ya kufundisha, na anawatajia mahali pa kuifanyia: ndani ya nyumba, njiani mkitembea, wakati wa kulala, wakati wa kuamka. Darasa hakulitaja. Na Bwana wetu, watu wa kwao walipotaka kumdharau, walimwita seremala. Maana yake miaka mingi ya maisha yake hapa duniani ilipita kwenye kazi ya mbao, na ni wazi kwamba kuna mtu mzima aliyesimama kando yake akimwonyesha namna ya kuishika randa. Nikifikiri juu ya hilo huwa natulia moyoni. Mwana wa Mungu alifundishwa kwa mikono.

Wazungu nao waliligundua hili kwa njia yao. Charlotte Mason, mwalimu Mkristo wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, aliandika kitabu Home Education mwaka 1886, na shauri lake kwa akina mama lilikuwa kwamba mtoto aliye chini ya miaka sita asisongwe na masomo rasmi. Akae nje saa nyingi, azoezwe tabia njema, na akipenda kusimulia jambo alilolisikia, aachwe alisimulie kwa maneno yake. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, katika mtaa wa vibarua. Katika mazoezi yake watoto walimimina nafaka kutoka chombo hadi chombo, wakafagia, wakafunga vifungo. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza chuoni niliyakariri kwa ajili ya mtihani. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba vifaa vyake vyote vimo jikoni kwangu: ungo, kinu, kikombe cha bati, debe la maji.

Sasa nataka niseme jambo linalotuhusu hapa hapa, maana Busia yetu imo katika vitabu vya wachumi wa dunia nzima na wenyeji wengi hawajui. Mwaka 1996, watafiti, akiwamo Michael Kremer wa Marekani, walianza kufuatilia shule za msingi 100 za Busia na Teso, upande wa Kenya. Shule 25 za kwanza zilipewa vitabu vya kiada kupitia shirika moja la Kiholanzi. Kila mtu alitarajia alama zipande. Wastani haukupanda. Waliofaidika ni watoto waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Sababu mojawapo waliyoitoa watafiti ni kwamba vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wetu wengi ni lugha ya tatu. Nyumbani ni Lusamia au Ateso, sokoni ni Kiswahili, na Kiingereza kinakuja nyuma.

Kisha mwaka 1998 ukaja mradi mwingine katika shule 75, wa kuwapa watoto dawa za minyoo. Utoro ulipungua kwa karibu robo. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na sehemu ya njia ya tuzo hiyo ilipita kwenye vijia vyetu hivi vya udongo mwekundu.

Mimi si mchumi. Ninachokiona humo ni kitu cha mama mzazi. Kitabu kizuri kiliwapita watoto juu ya vichwa kwa sababu hakikuanzia walipo, na kidonge kidogo kikawarudisha darasani kwa sababu kiliwakuta walipoumwa. Basi mtoto wa miaka minne au mitano akisikia kwa mara ya kwanza habari ya zaidi na pungufu, ya nzito na nyepesi, ya kwanza na ya mwisho, aisikie kwa lugha ya mama yake, na kitu chenyewe kikiwa mkononi. Kiingereza kitakuja, nacho kitakuta kitu cha kushika.

Kabla sijaenda mbele, niwe wazi juu ya sheria, maana sitaki mtu atoke hapa aseme nimemwambia amtoe mtoto shuleni. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, na anayeshindwa bila sababu anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja. Uganda, sheria ya mwaka 2008 imeifanya shule ya msingi kuwa ya lazima kuanzia miaka sita. Najua Nairobi na Kampala wako Wakristo wanaowasomesha watoto nyumbani moja kwa moja, wengi wao kwa vijitabu vilivyotungwa Marekani, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu. Lakini vijitabu vile ninavyoviona, mtoto anakaa peke yake anajaza nafasi zilizoachwa wazi. Huo nao ni ubao, umelazwa tu mezani.

Ninazungumzia miaka ile ya kabla ya darasa la kwanza, na jioni, na Jumamosi, na likizo. Kwa wa Uganda neno hili ni zito zaidi, kwa sababu nasari serikali imewaachia watu binafsi. Asiye na karo, mtoto wake hukaa nyumbani mpaka miaka sita. Mama wa namna hiyo hujiona ameshindwa. Mama, hujashindwa. Una miaka mitatu mizima na mtoto wako, na hakuna mwenye nasari yoyote atakayepewa muda kama huo.

Yule mjukuu wangu alirudi Tororo mwaka 2021. Januari ile watoto wa Kenya wote waliingia madarasani; wa Uganda waliendelea kukaa. Mji mmoja, soko moja, damu moja, mtoto wa huku na sare mwilini na binamu yake wa kule amekaa kizingitini anamtazama akipita. Nasari za Uganda hazikufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Ulimwenguni hapakuwa na nchi iliyofunga shule muda mrefu kuliko huo.

Binti yangu ni fundi cherehani pale Tororo, kibanda chake kiko mahali ambapo ukiinua macho unauona ule mwamba wa Tororo. Alinipigia simu akaniuliza, mama, nimfundishe nini? Nikamwambia anza na futi kamba. Mtoto alijifunza kusoma tarakimu kwa kupima mikono ya wateja. Siku ya kwanza alimpima mama mmoja kiuno akasoma 52 badala ya 25, kwa kuwa kamba ilikuwa juu chini. Hakuna aliyemkaripia. Mteja mwenyewe akamgeuzia kamba, akampa apime tena.

Halafu ikaja habari ya mbu. Tororo inajulikana kwa malaria. Wanasayansi wameweka vituo vya utafiti huko miaka na miaka, na kila nyumba ina hadithi yake ya homa. Baada ya mvua mtoto aliona vijidudu vinacheza kwenye maji yaliyotuama ndani ya mkebe wa rangi nyuma ya kibanda. Mama yake angeweza kuyamwaga. Badala yake walichota kidogo wakatia kwenye chupa ya jemu, wakafunga mdomo kwa kipande cha neti kuukuu, wakaiweka dirishani. Kila asubuhi mtoto alichora anachokiona. Viluwiluwi vingine vilining'inia kichwa chini, vingine vililala sambamba na uso wa maji, na afisa wa afya wa kijiji akamweleza kwamba hivi vinavyolala sambamba ndivyo mbu wa malaria. Baada ya siku chache vikawa kama alama ya koma, havili tena. Kisha asubuhi moja wakawamo mbu chini ya neti, miguu yao mirefu juu ya maji.

Mtoto akauliza kwa nini Mungu aliumba mbu.

Binti yangu alinipigia usiku ule, sauti yake imejaa wasiwasi. Alimjibu mtoto kwamba hajui. Alidhani amekosa. Nikamwuliza, baada ya hapo mlifanya nini? Akasema waliwaua wale mbu, wakazunguka kibanda na nyumba ya jirani wakimwaga kila mkebe wenye maji, wakarudi, mtoto akachomeka neti chini ya godoro pande zote nne mwenyewe, wakaomba, wakalala. Nikamwambia mwanangu, hujakosa. Umemfundisha kwamba kuna asilolijua mama yake, na kwamba kutojua hakumzuii mtu kumtunza jirani. Katika miaka yangu yote ya kufundisha kipindi cha dini sikuwahi kutoa somo zuri kama lile.

Nilimwona huyo mtoto mara nyingine, akiwa na miaka tisa, akimwelekeza mdogo wake amwage maji yaliyokuwa kwenye tairi. Hakuambiwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya walezi wenzangu wa kanisa. Tunaiweka dini mwisho wa kazi kama chumvi inayonyunyizwa: mtoto akimaliza kufinyanga ng'ombe wa udongo, tunamwambia sasa tuimbe kwamba Mungu ndiye aliyeumba ng'ombe. Si vibaya. Lakini mtoto anaiona imani yetu katika namna tulivyofinyanga naye. Tulimngoja? Ng'ombe wake alipopasuka kwa kukosa kukandwa vizuri, tulimdanganya kwamba amependeza, au tulimwonyesha ufa? Kitu kilichofanywa kwa mkono hakikubali uongo. Mguu mfupi wa kigoda unaonekana kila mtu akikalia. Mbegu ya sukumawiki isiyomwagiliwa haioti hata ukiiombea. Ndiyo maana naamini kazi za mikono na malezi ya Kikristo ni kitu kimoja: zote mbili zinamzoeza mtoto kusimama mbele ya kweli bila kuogopa.

Kwa sababu hiyo hiyo nitawasema wazazi wa upande wetu wa Kenya. Mtaala wa umilisi ulipoanza kwenye madarasa ya chini nchi nzima mwaka 2019, watoto walianza kuletewa nyumbani miradi ya kutengeneza: kinyago cha kutisha ndege shambani, filimbi, mfano wa soko. Wazazi tulilalamika, na katika malalamiko mengine tulikuwa na haki, kwa kuwa vifaa vinagharimu na mama anatoka sokoni usiku. Lakini tulifanya nini? Tulikwenda saiba tukachapisha picha. Tulimwita fundi. Tulikesha tukimtengenezea mtoto kitu ambacho hakukigusa, asubuhi tukamkabidhi ampelekee mwalimu aseme ni chake. Mtoto wa miaka saba alibeba uongo mikononi, na sisi ndio tuliompa. Afadhali filimbi ya mtoto isiyolia, ya jani la mpapai, aliyoikata mwenyewe.

Na sisi tunaishi mpakani. Hili lazima tuliseme. Neno boda boda, ambalo sasa linatamkwa Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa kwetu, kwa baiskeli zilizowabeba watu kutoka kituo hadi kituo. Mpaka umetulisha. Lakini mtoto wa mpakani anajua njia za panya kabla hajajua alfabeti. Anaona sukari inapita gizani. Anaona bei ikitajwa mara mbili, moja ya mwenyeji na moja ya mgeni. Wengine wetu tumewabebesha watoto vifurushi kwa sababu askari hamkagui mtoto. Halafu Jumapili tunamfundisha amri kumi kwa wimbo wenye kupiga makofi.

Kuna njia nyingine, nayo ni somo zuri la Jumamosi. Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupitisha mzigo wake kwa cheti rahisi bila kulipa ushuru wa forodha. Wengi wetu tunajificha porini na vitu ambavyo tungevuka navyo mchana. Mpeleke mwanao kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichozinduliwa na marais wawili mwaka 2018. Ahesabu vikapu vyako. Akuone unajaza karatasi. Mtoto wa miaka saba akupigie hesabu ya fedha kwa vifuniko vya soda: ikiwa shilingi moja ya Kenya ni 28 za Uganda, basi noti ya mia ni vifuniko vingapi? Atachoka kuvipanga kabla hajafika mwisho, na ataelewa mwenyewe kwa nini watu walibuni kuzidisha. Njiani mwonyeshe samaki wale wadogo wakavu wa ziwa letu. Kwa Mkenya ni omena, akivuka anaitwa mukene, Tanzania ni dagaa. Samaki hajabadilika. Mwulize ni nini kilichobadilika.

Naona mkebe umerudi mbele. Asanteni. Nimewaona wengine mkinong'onezana, maana mmekipapasa kitako mkajua. Kimebonyezwa kwenda juu, taratibu, kwa nyundo na kipande cha mti, mpaka kikawa kama kitako cha chupa. Ukiutazama kwa nje umesimama sawa. Ukijaa mahindi, mnunuzi anaona kilima juu na hauoni mlima ulio chini.

Mkebe huu ni wangu.

Nilipostaafu nilianza kuuza maharagwe kidogo pembeni mwa soko. Niliununua mkebe ukiwa umekwisha kutumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga biashara yake. Sikuubonyeza mimi. Lakini siku ya kwanza nilipotia mkono ndani kuufuta, vidole vyangu vilijua. Nikajiambia wote sokoni wanatumia hivi hivi. Nikauza nao miezi minane.

Yule mjukuu ndiye aliyenikamata, na hakujua ananikamata. Ilikuwa mchezo wa maji. Nilimpa mikebe yote ya nyumbani na kikombe kimoja cha chai, nikamwambia apime kila mkebe unakunywa vikombe vingapi, aandike kwa mkaa ukutani. Mkebe wa jikoni ukanywa vikombe tisa. Wa sokoni ukanywa saba na nusu. Akadhani amekosea, akaumwaga, akaanza upya, polepole, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Saba na nusu. Akaipanga mikebe miwili sakafuni, akalala kifudifudi kuitazama kimo. Sawasawa. Akaipindua, akaviona vitako. Akakaa chini, akanitazama.

Akasema, kukhu, kikombe kimoja na nusu kinaenda wapi?

Wengi hapa ni watoto wa Uamsho. Mnajua wazee wetu walivyokuwa, wale waliookoka enzi za moto ule uliotoka Rwanda miaka ya 1930: mtu akiguswa, alisimama mkutanoni akataja dhambi yake kwa jina, kisha akachukua kuku au blanketi akarudisha kwa mwenyewe. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Nilimwona akiwa na jembe begani akienda kulirudisha kwa jirani baada ya miaka mitatu. Na mimi, binti wa mama huyo, nilisimama mbele ya mtoto wa miaka mitano mwenye mkaa mkononi, nikatafuta la kumwambia.

Nilimwambia kweli. Nilimwambia kikombe kile kilikuwa kinakuja nyumbani kwetu, na kwamba hakikuwa chetu. Aliniuliza kama tumekwisha kukila. Nikasema ndiyo. Akafikiri, akasema basi tukipike kingine tukirudishe. Siku ya soko tulikwenda wote, barakoa usoni. Wateja wangu niliowafahamu kwa sura walikuwa kumi na mmoja. Kila mmoja alipewa gorogoro ya maharagwe, ya mkebe wa jikoni, na mimi nilimweleza kwa nini. Mmoja alikasirika akaondoka, na alikuwa na haki. Mmoja alilia. Mama Mwislamu anayeuza viungo jirani yangu aliniambia kwamba katika Kurani yao iko sura nzima, ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wapunguzao vipimo. Nikamwambia na sisi Mithali sura ya 11 inaanza na mizani hiyo hiyo. Tumekuwa marafiki tangu siku hiyo. Wale wasiojulikana sura, walionunua wakapita, sijawapata hadi leo, nami nawaombea.

Mjukuu hakuambiwa na mtu kwamba lile lilikuwa somo. Hajui mpaka sasa kama alifundishwa hisabati, au dini, au ujazo. Aliporudi Tororo aliniomba kitu kimoja tu, kikombe cha chai alichopimia. Nikampa.

Nimeweka meza pale chini ya mwembe. Kuna ndoo tatu za maji safi, vikombe vya ukubwa mmoja na vipande vya mkaa. Watoto wenu wamekuwa wakitusubiri nje tangu asubuhi. Niliwaomba mje na mikebe ya nyumbani, na naona wengi mmeileta. Wengine mmeifunika kwa leso. Wapeni watoto. Msiwaambie jibu, na wakikosea kuhesabu, wamwage waanze tena.